Injini Tuliyoikanda Kama Mzazi

Injini iliyokufa inanuka kuliko samaki aliyekufa, na hilo nalisema mimi niliyezaliwa Rumonge, mahali ambapo samaki hawajawahi kuadimika. Harufu yake iliingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi, ikalala kwenye mito, ikapanda mpaka kwenye ugali wa muhogo, na naapa mbuzi wa jirani yetu Kabura walikonda kwa sababu yake. Ilikuwa wakati wa Mdachi, nami nilikuwa msichana mdogo. Injini hiyo ilikuwa ya mashua ya Bwana Salumu, mfanyabiashara wa Ujiji, ambaye aliinunua kwa Mdachi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mashua ilizama karibu na Minago, ikakaa majini masika mazima. Ilipovutwa mpaka kwetu, injini ilikuwa imejaa tope, konokono na mafuta meusi mazito kama lami. Kabura, mvuvi ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, aliizunguka kisha akamuuliza baba, "Hii mutaizika upande gani wa makaburi?"

Baba alikuwa mhunzi. Majembe yake yalisifiwa mpaka Gatete, lakini majembe ya dukani yalikuwa yameanza kuingia, na moto wa kiwanda chetu ukabaki wa kuota tu. Alikuwa amekwisha kusema kwamba angekwenda Usumbura kutafuta kazi bomani, na sisi tungebaki na mama. Mama hakulia. Alianza tu kutia chumvi nyingi katika kila chakula, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Basi Bwana Salumu alipomwambia baba, "Fundi, nikirudi kutoka Ujiji nikaikuta inazunguka, wewe ndiye fundi wa mashua hii, hapa hapa Rumonge. Nikiikuta bado iko maiti, naipeleka kwa Wadachi," baba alikubali kabla hata ya kufungua boliti moja. Maishani mwake hakuwa ameona injini ndani, wala nje hakuwa ameiona kwa karibu.

Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo alitumia watu. Kila kipande alichokitoa alimpa mtu, kwa mfuatano aliouweka kichwani: ukioshe, ukitunze, na ukiitwa ukilete. Mama alipewa pistoni. Kabura alipewa springi, labda kwa sababu naye hakutulia. Mimi, Zaina, nilipewa valvu, ingawa jina hilo nimelijua ukubwani, katika masomo ya jioni. Wakati ule tuliziita uyoga. Mtaa mzima ulipoteza majina yake. Ungesikia, "Boliti Kubwa yuko wapi?" na mtu akajibu, "Amekwenda kuoga." Mama alichoma maganda ya ndizi, akachuja maji ya majivu yake, yale yale aliyotengenezea sabuni, akayachemsha kwenye vyungu. Tulichovya vyuma humo, tukavisugua kwa makapi ya chikichi na mchanga wa ziwani. Maji meusi yalitiririka kutoka uani kwetu hadi ziwani kama mto mpya, na uyoga wangu uling'aa hata ningeweza kuhesabu meno yangu ndani yake.

Siku ya kuunga, baba aliita watu mmoja mmoja kinyumenyume, wa mwisho kwanza, nao wakaja wamebeba vipande vyao kama wanapeleka posa. Kilipobaki cha kulainisha, hakuna aliyefikiri mara mbili. Kwetu ngozi ikikauka inapakwa mawese, bawaba ikilia inapakwa mawese, na mtoto akizaliwa naye hapitwi. Mama alitoa chungu cha mawese yake bora, baba akapaka kila pembe. Jua la mchana lilikuwa kali, gurudumu la injini likazunguka kwa kidole kimoja. Petroli haikuwapo, Bwana Salumu ndiye angekuja nayo, lakini sisi tulilala tumekwisha kushinda.

Bwana Salumu alifika alfajiri, upepo wa milimani ukiwa umevuma usiku kucha. Baba alitia petroli, akashika mkono wa kuzungushia, akavuta. Kimya. Kabura akamsaidia, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawasimama kama kamba za nyavu. Injini haikutikisika. Bwana Salumu alirekebisha kofia yake, akasema polepole, "Pole, fundi." Baba alikuwa anatazama upande wa kaskazini, upande wa Usumbura.

Mama alipenya katikati yao, akaingiza kidole ndani, akakitoa kimeshika kitu kizito cha rangi ya machungwa. "Baba Zaina, ona. Mawese yameganda."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Bwana Salumu.

"Unaniuliza?" mama alisema, akiigusa injini. "Huyu amejifungua jana, akalala nje kwenye baridi. Kwenu Ujiji muzazi hakandwi?"

Akaita wanawake, nao wakaja na vyungu vya maji ya moto na vitambaa. Na kwa kuwa mwanamume hakai mahali mzazi anapokandwa, wakawafukuza wanaume wote, mwenye mashua akiwa wa kwanza. "Mimi ndiye niliyeinunua," alisema Bwana Salumu. "Na mume je, si alitoa mahari?" mama alimjibu. "Nje."

Tuliikanda taratibu, kitambaa juu ya kitambaa, mpaka mafuta yakaanza kudondoka. Wanaume waliporuhusiwa kurudi, baba alivuta mara moja tu. Injini ikakohoa, ikatoa moshi wenye harufu ya samaki wa kukaanga, kisha ikanguruma hivi kwamba mbuzi wa Kabura walikimbia, wakaja kuonekana tena huko mbali Muhuta. Bwana Salumu alicheka mpaka akafuta machozi. "Kazi ni yako, fundi. Lakini mafuta nitaleta mimi."

Siku hizi Usumbura imekuwa Bujumbura, na si mbali tena. Wajukuu wangu wanapanda gari asubuhi kwenda kutafuta kazi, wanarudi mwisho wa mwezi na mikate na habari za mjini, nami nawapokea kwa furaha. Sioni kwamba wamekosea. Watoto wao wanawakimbilia barabarani kama wageni wa heshima. Sisi hatukuwahi kumkimbilia baba. Alikuwapo kila jioni, akikoroma kwenye mkeka, tukamzoea kabisa, tukathubutu hata kumchoka.