Shingo ya Baba Yaenda Kitengela

Mpaka leo nasikia vile baba alikuwa akipumua: fyuu, fyuu, kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Kutoka zizini hadi mlangoni, hatua ishirini tu, lazima akae chini. Daktari wa moyo alisema vali moja inavuja, ibadilishwe. Lakini kabla ya kupasua, wajue kama mishipa inayolisha moyo imeziba. Waanze na picha ya shingo. Kuta za mishipa hapo zikiwa safi, basi na mishipa ya moyo ni mizima, apasuliwe. Zikiwa chafu, waya utaingizwa pajani mpaka kifuani kuikagua. Baba akaapa: "Siku ya waya ndiyo siku narudi kwa ng'ombe wangu." Na bila kupasuliwa, hatungekuwa naye mvua ikirudi.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Kajiado na pikapu ya baba mdogo. Huyu aliachia darasa la nne, lakini kwa magonjwa ni profesa. "Moyo uko kifuani," akasema akiwasha gari. "Shingo imeingilia wapi? Hawa wamepotea njia." Mimi niliachia la nane, kwa hivyo nikamwachia uprofesa wake, nikaota baba akicheza kwa harusi yangu, ingawa bwana harusi alikuwa bado hajapatikana.

Isinya tukasimama tunywe chai. Baba mdogo akamwagizia baba supu ya mafuta, "ya kulainisha mishipa." Nikaivuta upande wangu, nikaimaliza.

"Kwani wewe ndiye mgonjwa?"

"Leo mishipa migumu niko nayo mimi, baba mdogo."

Saa nne, Kitengela, zamu yetu ikafika. Daktari wa picha, msichana wa rika langu, akamsalimu baba kwa Kimaasai, "Supai." Baba akaitikia, "Epa," akalala. Akapakwa jeli baridi, kifaa cha picha kikaanza kutembea shingoni, juu, chini. Baba akamtazama kwa huruma. Yeye mwenyewe ametoboa ng'ombe wengi shingoni kwa mshale, tukanywa damu, na ng'ombe wakaenda malishoni. Polepole akafungua ukanda wake wa shanga, akauzungusha shingoni, akavuta.

"Mzee, unajinyonga!"

"Nakusaidia, msichana wangu. Mshipa hautokei bila kufungwa kamba. Hawakukufundisha?"

"Mimi sitoi damu, baba. Naangalia ukuta tu."

"Na mshale?"

"Hakuna mshale."

Baba akaachilia ukanda. "Haya, angalia. Lakini kwa ng'ombe hungeajiriwa."

Nikaushika huo ukanda kwa mikono miwili asiurudie. Daktari akapima, akaandika, akapima tena. Sasa asiyepumua nikawa mimi.

"Kuta za mishipa ni nyembamba na laini, pande zote mbili," akasema. "Vile daktari wenu alivyopanga, waya hautahitajika."

"Basi nipasuliwe," baba akasema, kama mtu anayeagiza chai.

Jioni, Kajiado, jamaa walikuwa wamejaa uani. Baba mdogo akawaeleza vile supu yake ilivyosafisha mishipa. Hakuna aliyeuliza nani aliinywa. Nilijifunza kwamba moyo unaweza kuulizwa kupitia shingo. Sisi jamaa hatungoji kuulizwa, tunajibu tu.

Wakiwa bado wanabishana ni supu ya mbuzi au ya kondoo, niliingia ndani peke yangu, nikamwaga nguo zangu kutoka kwa begi, nikaweka shuka mbili za baba na soksi za kuvaa hospitali, nikafunga zipu: begi la siku ya kupasuliwa likawa tayari.