Macho ya Sufu ya Osea

Sekela wa kule Mpemba alikuwa akichora kwa sindano. Usicheke. Alitandaza sufu ya kondoo juu ya kipande cha blanketi, akaidunga kwa sindano yenye vijino mpaka ikashikana, pakatokea kilima, pakatokea ng'ombe, na ukipapasa nundu unaikuta. Aliwahi kudunga jogoo, majirani wakaja kulalamika kwamba anawahi kuwika kuliko jogoo wao. Anayebisha akawaulize.

Lakini jogoo ni jogoo. Mwaka huu alimdunga mwanawe.

Osea alikufa kwa homa akiwa na miaka mitatu. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na simu ikazama kwenye beseni la kufulia wiki ile ile ya msiba. Sekela akaona sura ya mtoto inaanza kumtoka kichwani; leo kidevu, kesho masikio. Akachemsha sufu na maganda ya kahawa mpaka ikapata rangi ya Osea, akaanza kudunga haraka haraka, kama anayeanua nguo mvua ikimjia.

Mama mkwe wake, bibi Tabita, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Akasikia chwi, chwi, chwi. Akainuka kuchungulia.

"Mama Osea, unafanya nini?"

"Namtengeneza Osea, mama. Shika shavu hili."

Tabita akalishika. Kile kishimo cha Osea akicheka kilikuwapo. Akarudisha mkono kama aliyeungua.

"Unamchoma!"

"Ni sufu, mama."

"Sufu gani ina kishimo cha mjukuu wangu? Zile sindano za zahanati hazikumtosha? Mimi ndiye niliyemshika akilia. Leo wewe mama yake unamwongezea?"

"Nisipodunga haishiki."

"Basi isishike!"

Sekela akaendelea, pua, nywele, mdomo. Yakabaki macho. Alisokota vidonge viwili vya sufu nyeusi, akaviweka mahali pake, na Osea akamtazama kama alivyokuwa akimtazama akitaka kubebwa. Akainua sindano. Mkono ukagoma. Akajaribu wa kushoto, nao ukagoma.

"Mdunge basi, umalize," alisema Tabita kwa sauti ndogo, amegeuza mgongo. "Mimi sitazami."

"Siwezi, mama."

Macho yasiyodungwa hayashiki. Ukiinua blanketi yanadondoka, ukikohoa karibu yanahama. Kwa hiyo picha iko pale pale mezani. Wanawake hao wawili wanakula ugali sakafuni, na dirisha la upande wa upepo wamelipigilia misumari.