Jogoo wa Kumtangaza Mama

Nilipokuwa mtoto, kule Matulo kwa bibi mzaa baba, jogoo akiwika akiwa amesimama mlangoni hakuna aliyeuliza kama mgeni anakuja. Tuliuliza tu ni nani. Kukhu, maana ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, aliacha alichokuwa akifanya, akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali, akanituma nifagie uwanja. Na kweli mgeni alikuja. Leo najua kwamba katika boma la Kukhu wageni hawakukauka, jogoo awike asiwike, lakini wakati ule ungeniambia hivyo ningekuona mtu asiyemjua Mungu.

Jogoo wetu alikuwa mwekundu, manyoya ya mkia yamekatika upande mmoja, nami nilimwita Chifu. Nilimpenda kwa sababu moja. Baba alikuwa amefariki, na Mama alikuwa amekwenda Kitale kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa ya mahindi, akaniacha kwa Kukhu nikiwa na miaka saba. Siku ya kuondoka alinishika mashavu yote mawili akasema, "Nitakuja kukuchukua." Hakusema lini. Nami sikuuliza, kwani mtoto gani humwuliza mama yake tarehe?

Senge Respa, dada yake Baba, alikuwa na maoni yake. Alipopita kuomba chumvi alinitazama juu hadi chini, kisha akamwambia Kukhu, kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia, kwamba wajane wadogo wakifika Kitale huwa hawarudi, ati yule ameshaolewa huko na ana mtoto mwingine tumboni. Kukhu alimpa chumvi, akamnyima jibu. Maneno yale yaliniuma, lakini hayakunilaza macho, kwa sababu nilikuwa na Chifu. Siku Mama atakapokuja, Chifu atajua kwanza. Atasimama mlangoni atangaze, na Senge Respa atakosa la kusema.

Kwa hiyo kila alipowika pale nilivaa gauni langu la Jumapili nikaenda kukaa kwenye jiwe kando ya ua. Akaja muuza sufuria. Akaja binamu kutoka Chwele na mbuzi wake mkaidi. Siku moja alikuja ndama wa watu aliyepotea, na Kukhu akasema huyo naye si ni mgeni. Kila mara nilivua gauni, nikalikunja, nikajiambia leo si yeye. Sikukasirika, wala haikunijia hata siku moja kwamba Mama hanitaki. Kuna wakati nilianza kumwaga punje za mahindi kizingitini ili Chifu azoee kuwikia pale. Usinicheke, nimeona watu wazima wakimfanyia Mungu vivyo hivyo. Kukhu alinifuma nikimwaga.

"Jogoo husema mgeni," aliniambia, akiokota mahindi yake moja moja. "Hasemi jina."

Basi Jumamosi moja Chifu aliwika mlangoni mara tatu mfululizo. Nilivaa gauni nikakimbilia jiwe langu. Aliyetokea ni mhubiri kutoka Bumula, mrefu kama mlingoti, anasukuma baiskeli, Biblia yake imefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Na kwetu mhubiri hapewi ugali kwa mboga. Anachinjiwa kuku, na akiondoka bila kuku, aibu yake utaisikia mpaka sokoni. Kuku majike wawili tuliokuwa nao walikuwa wanaatamia mayai. Akabaki Chifu, na Kukhu akanituma mimi nikamkamate.

Nilimkamata vizuri sana. Nikazunguka naye nyuma ya nyumba, nikapanda naye kwenye ghala la mahindi, nikamfunika kwa kikapu kikubwa, nikakilalia. Kukhu aliniita mpaka akachoka, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mgeni, akamwomba aanze kwa maombi. Mhubiri alikuwa katikati, anamshukuru Mungu kwa boma hili na vyote vilivyomo, Chifu akawika. Aliwika chini ya tumbo langu kwa nguvu zote alizopewa na Muumba. Mhubiri akasema amina kabla ya wakati.

Kukhu hakunipiga. Alinishusha, akanisimamisha mbele ya mgeni, akaniuliza ni nani amenifundisha kumwaibisha hivi. Nikalia mpaka kamasi.

"Mkimla huyu, Mama atakujaje?" nilisema. "Nani atatuambia?"

Kukhu alilitazama gauni la Jumapili nililovaa siku ya Jumamosi, na nadhani ndipo alipojua nimekuwa nikilivaa kwa ajili ya nani. Aliniweka kichwa kwenye tumbo lake. Lakini alikuwa mwanamke wa Kibukusu na mgeni ameshaketi. Chifu alichinjwa.

Wakati wa kula mhubiri alifanya jambo ambalo Kukhu alilisimulia hadi kufa kwake. Alitoa firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mwanamume anayeheshimiwa na zamani mwanamke hakuthubutu kuionja, akaiweka kwenye sahani yangu. Leo naona kwamba alikuwa akiniomba msamaha kwa njia aliyoijua. Siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote, nikamrudishia.

Baada ya hapo niliacha kungoja. Gauni lilikaa sandukuni. Nilicheza na wenzangu, nilikula, ila maneno ya Senge Respa yalianza kuniingia, na usiku nilimwona Mama ndotoni akimbeba mtoto mwingine. Kwangu jambo lilikuwa wazi: hakuna jogoo, hakuna Mama.

Alikuja Jumanne, wiki tatu baadaye, jua kali la mchana. Nilikuwa nyuma ya jikoni nachuma kunde, miguu ina matope, nywele hazijachanwa. Hakuna kilichowika. Niliinua macho nikamwona amesimama na mfuko wake, amekonda, vidole vimepasukapasuka kwa kuvuna mahindi ya watu. Sikumkimbilia. Nilisimama na kunde zangu, nikamwambia kama ninayemshtaki kwamba hakuna jogoo aliyemtangaza, walimla.

Alicheka kwanza. Alipoona mimi sicheki, alichutama.

"Jogoo gani, mama? Mimi nilikuwa nakuja tu. Tangu siku ile nilipoondoka, nilikuwa nakuja."

Sasa ni mimi ninayeishi Kitale, na kanisani wananijua. Naongoza maombi ya akina mama, na somo la imani nalifundisha bila kutazama karatasi. Lakini mwaka jana mwanangu Simiyu alipogongwa akiwa kwenye bodaboda, akalazwa siku nyingi bila fahamu, nilijiona nilivyo. Amepona, nisikuweke roho juu, anatembea kwa gongo. Ila siku zile kidole chake kikitikisika, Mungu yupo. Daktari akipita bila kunisalimia, Mungu ameondoka. Nilifumba macho nikafungua Biblia popote nione kidole kitaangukia neno gani, kikaangukia orodha ya watu waliozaa watu. Nilimpigia simu nabii mmoja, akaniambia ningoje ndoto. Ndoto itoke wapi, na usingizi wenyewe hakuna?

Siku ya sita, nikiwa kwenye benchi la wodini, nikamkumbuka Mama na mfuko wake. Miaka yote nilisimulia kisa cha Chifu kama kichekesho cha ushamba wetu. Sikuwa nimeona kwamba mtoto yule alikosea juu ya jogoo tu, na juu ya Mama hakukosea. Mimi na umri wangu nilikuwa nimegeuza mambo, nikaamini kila kinachowika na kumshuku anayekuja. Na kilichonitoa machozi pale ni zile wiki tatu. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, gauni liko sandukuni, na Mama hakusitisha safari kwa sababu mimi nimeacha kungoja.

Nikaingia nikakaa kando ya kitanda. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, "Baba, sioni kitu, lakini najua unakuja." Nesi aligeuka kunitazama. Simiyu hakufumbua macho, na mashine yake iliendelea na mlio uleule. Nikaona kucha zake zimerefuka. Nikaazima kikata kucha kwa mama wa kitanda cha pili, nikamkata zote kumi, polepole, asije akaamka akakuta mikono michafu.