Uso wa Cucu Kwenye Tisheti

Chumba tulichokodi mtaa wa Majengo, mimi na dada yangu, zamani kilikuwa cha kukaangia samaki. Wateja wa zamani waliendelea kuingia kwa mazoea, wakiona tisheti zimetundikwa wanatukazia macho kana kwamba sisi ndio tuliokula samaki wao. Tuliwazoea. Ambacho hatukuzoea ni kukubaliana.

Mimi nilikuwa mtu wa wino. Unachora mchoro, unauhamisha kwenye fremu yenye neti, unamwaga wino na kuuvuta kwa mpira mpaka upenye kwenye kitambaa, kisha unaanika. Kila rangi inataka fremu yake, kwa hivyo mteja mwenye tamaa ya upinde wa mvua nilimwombea heri na kumwonyesha mlango. Dada yangu alikuwa mtu wa joto. Aliazima presi, mashine ya kubana kwa joto, kwa mama mmoja wa kwaya yao: picha inachapwa kwenye karatasi maalum, inalazwa juu ya tisheti, unabana, unabandua, tayari.

"Dunia imeendelea," alikuwa akiniambia. "Wewe bado unapaka watu matope."

"Matope yangu yanafuliwa na hayatoki. Picha zako ni stika."

Tukiwa hapo hapo akaingia bwana mmoja kutoka Tetu, kitinda mimba wa familia kubwa. Mama yao alikuwa anatimiza miaka tisini, na ukoo mzima ulitaka kuvaa uso wake siku ya sherehe. Alitaka aone sampuli kwanza.

Nilianza mimi. Picha ya mama aliyotuletea kwa simu niliigeuza kuwa rangi moja, na kivuli cha kitambaa cha kichwani kikateremka mashavuni hadi kidevuni. Bwana akaishika tisheti, akaigeuza huku na huku.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama yako."

"Mama yangu hana ndevu."

Dada yangu alicheka mpaka akakalia mkebe wa wino, na sketi ile hakuivaa tena. Kisha akabana ya kwake. Lazima niseme ilikuwa nzuri: kila kunyanzi lilionekana, hata pengo la jino. Bwana akaondoka na zote mbili, akiwa ameibeba ile ya dada yangu kama mtoto mchanga.

Kesho yake akapiga simu. Mke wake, kwa heshima, alikuwa ameipiga tisheti pasi kabla ya kumpelekea mama. Aliipiga juu ya uso.

"Sasa mdomo iko kwa pasi," bwana alisema kwa unyonge, "na macho iko kwa tisheti. Na mama ameona. Anataka nyinyi mkuje."

Tulipanda Tetu kama watu walioitwa kwa chifu. Cucu, yaani nyanya, kama wote walivyomwita mama huyo, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na zizi, gambuti miguuni, tisheti zote mbili magotini. Tukamsalimu kwa mikono miwili. Akainua kwanza ya kwangu.

"Huyu anafanana na baba yangu," akasema. "Alikuwa mtu mbaya." Akainua ya dada yangu. "Na huyu ameungua."

Nilitaka kucheka, nikajiuma ulimi.

"Nani aliwaambia mimi nataka kuvaliwa? Uso kwa tisheti ni ya mtu amekufa, ama mtu anatafuta kura. Mimi sijakufa, na kura yenu sitaki."

"Lakini mama, ni heshima," kitinda mimba akajaribu.

"Heshima gani? Mnitolee jasho, mnimwagie supu, halafu wiki ingine mnipangusie gari?"

Sote tulijua mahali tisheti za sherehe huishia. Cucu akanyoosha kidole zizini. Ng'ombe wake, mweusi kwa mweupe, alikuwa akitafuna na kutuangalia bila kututhamini.

"Chora huyo. Mama ya mama yake ndiye alisomesha hawa wote."

Nikamtazama dada yangu. Dada yangu akatazama shamba la majani chai. Mabaka meusi, tisheti nyeupe, fremu moja: hata angetumwa na mimi, ng'ombe yule asingefaa zaidi.

Siku ya sherehe ukoo wote ulijaa uwanjani na ng'ombe kifuani. Mkwe mmoja mwenye kitambi aliinua supu, na ng'ombe wake akaonekana ana mimba ya miezi mingi. Mchungaji naye alivaa, ng'ombe chini ya kola nyeupe, akaombea familia, akasita, akaombea na mifugo. Cucu mwenyewe alikataa kuvaa. Alivaa gauni la maua na kuwakagua watu kifuani mmoja mmoja, akicheka waziwazi.

Kabla hatujaondoka, wajukuu walimzunguka dada yangu. Walitaka majina yao mgongoni, kila mtu lake, kwa rangi za timu zao za mpira. Kazi kama hiyo kwa fremu ni wazimu. Dada yangu aliniangalia juu ya vichwa vyao, na mimi nikajishughulisha na mbavu za mbuzi. Baadaye alinunua presi yake mwenyewe, akaiweka upande wa dirishani. Mimi nilibaki ukutani na wino, ambako mpaka leo, mvua ikinyesha, kunanuka samaki.