Kwenda Kuhani kwa Meli ya Watalii

Kutoka Tanga mpaka Mombasa ni safari ya basi. Unapanda asubuhi, unavuka mpaka Horohoro, na alasiri umekwisha vua viatu kwa watu. Mimi nimekwenda Mombasa kwa meli ya watalii yenye bwawa la kuogelea juu ya paa, na tangu nirudi hapa Ngamiani sina raha. "Bi Rukia, tusimulie! Bi Rukia, ilikuwaje?" Haya, kaeni nisimulie mara moja, nikapumzike. Lakini anayetaka habari za bwawa akamuulize mkwe wangu.

Sababu ya yote ni maradhi ya binti yangu Zuhura, anayekaa Maskati na mumewe. Alipasuliwa nyongo, nami nikaacha vyungu vyangu vya harusi nikaenda kumuuguza. Niko kule kule, ikaja simu: Mzee Abdalla wa Kuze, Mombasa, amefariki. Huyu alikuwa mume wa Mwanakheri, na Mwanakheri ni dada yangu wa kunyonya. Mama yake aliugua alipomzaa, mtoto akanyonyeshwa na mama yangu, yeye ziwa hili na mimi lile. Msiba wake ni wangu, nami sikuwepo kuzika, wala hitima sikuisoma.

Nikapiga simu kila siku. Mwanakheri hakupokea hata mara moja. Alipokea binti yake, Maryamu.

"Mama mdogo, mama halii," akaniambia. "Tangu mzee atolewe humu ndani, chozi halijamtoka. Hasemi, na chakula anakionja tu. Twaogopa."

Jamani, mtu anayelia unamfuta machozi. Asiyelia utamshika wapi?

Zuhura alipopata nafuu, mumewe Seif, kijana mwenye moyo mweupe, akatukatia safari ya meli ili nirudi nyumbani kwa starehe. Meli inatoka Maskati, inatia nanga Mombasa siku moja, kisha inatushusha Unguja. Niliposikia Mombasa, masikio yangu hayakusikia kingine.

Siku moja kabla ya kufika, abiria tuliitwa kuchagua matembezi ya nchi kavu. Palikuwa na meza ndefu, picha ukutani, na binti mmoja wa Kifilipino aliyekuwa akitabasamu tangu Maskati. Picha zilikuwa tatu: ndovu wa Tsavo, ufuo wenye viti vya kulalia, na kichochoro chembamba kilichojaa watu. Kichochoro hicho ndicho Mji wa Kale. Kumbe Seif alikwisha tuandikisha sote kwa ndovu.

"Mimi hapa," nikasema, nikaweka kidole juu ya kichochoro.

Yule binti akanitazama magoti. Akasema maneno mengi, Zuhura akanifasiria: kesho zitakuwa meli mbili bandarini, Mji wa Kale utafurika, njia ni nyembamba, jua kali, na hawapendekezi kwa wazee.

"Mwambie nimepika biriani za harusi nikisimama kwa magoti haya haya tangu yeye hajazaliwa."

Zuhura hakufasiri hilo. Akanivuta pembeni. "Mama, si uchukue teksi tu, uende kwake moja kwa moja?" Kisha akajijibu mwenyewe, maana ndiye aliyesoma masharti. Ukitoka na kundi la meli mkachelewa, meli inawangoja. Ukitoka peke yako ukachelewa, inakwenda zake. Na mimi nikikaa na Mwanakheri najijua, saa sizioni.

Seif alinuna kidogo, kwa adabu. "Mama, lakini ndovu..."

"Ndovu hawajafiwa, baba," nikamwambia. "Nitapitaje mlangoni kwa dada yangu nikatazame wanyama?"

Akacheka, akalifuta mwenyewe jina langu katika orodha ya ndovu.

Saa mbili asubuhi tulishuka Kilindini. Wa ndovu wakapanda magari yao, nami nikapanda basi la Mji wa Kale pamoja na wazee wa Kizungu wenye kofia pana. Tukapita chini ya yale Mapembe makubwa ya barabarani, wao wakapiga picha, mimi nikasoma Fatiha kimoyomoyo. Mbele alisimama mwongozaji wetu, kijana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, anaitwa Kazungu. Mkononi ana kijiti chenye kitambaa cha manjano. Alituhesabu mlangoni, akatuhesabu tena tulipokaa. Nikajua huyu nisipomwambia mapema, nitamwaga unga wa watu.

Tuliposhuka mbele ya Ngome, lile boma kongwe la mawe, nikamwendea. "Mwanangu, mimi sikuja kutazama. Nina mfiwa hapa Kuze, sijamhani, hata pole sijampa. Niache niende."

Alishtuka. "Mama, utaniponza. Nikirudi bandarini na upungufu wa mtu mmoja, kesho sina kazi."

"Sitakuponza. Nitarudi."

"Wote husema watarudi. Mfiwa mwenyewe ni nani?"

"Mke wa Mzee Abdalla. Nyumba ya mlango wa maua, yenye baraza mbili."

Kazungu akavua kofia. Akakitazama kile kitambaa chake. "Mzee Abdalla wa kahawa," akasema. "Mama, yule mzee ni wetu sote. Miaka yote nikipita na wageni alikuwa pale barazani." Akaangalia saa. "Basi hivi. Mimi nawaingiza hawa Ngomeni, kisha tunatembea vichochoroni, na mlango ule tunaupita mwishoni. Nikifika, nikukute. Usipotokea, nimekwisha mimi."

Nikampa mkono, nikaenda.

Njia ya kwenda Kuze naijua hata nikiwa usingizini. Lakini siku ile haikuwa njia, ilikuwa foleni. Kundi la meli ya pili lilikuwa limetangulia, limesimama mbele ya mlango wa nakshi. Nyuma yao kuna mkokoteni wa madumu ya maji, na nyuma ya mkokoteni kundi jingine. Nikasema hodi, nikasema samahani, nikasukuma kidogo. Sikuwachukia, maskini. Mama mmoja wa Kizungu, uso mwekundu kama nyanya, alikuwa ameegemea ukuta akijipepea kwa ramani, na alipoona napumua juu juu akanipepea na mimi. Lakini hakuna aliyeweza kusogea, mbele wala nyuma. Dakika zikapita. Nikaanza kubabaika, maana Kazungu atamaliza Ngome, atafika mlangoni, na mimi bado nimebanwa hapa kama dagaa.

Mlango wa pembeni ukafunguka kidogo, akachungulia mwanamke aliyejitanda leso.

"Bibi, wenda wapi na msongamano huu?"

"Naenda kuhani, kwa Mwanakheri wa Mzee Abdalla."

Hakuuliza la pili. Akanishika mkono. "Ndoo ndani. Ndia ya nje si yetu leo." Kwao njoo ni ndoo, na njia ni ndia.

Hapo ndipo nilipoiona Mombasa ambayo haimo katika picha za meli. Nikapitishwa ukumbini, nikapita ua wenye nguo zilizoanikwa, nikapanda ngazi, nikavuka wikio, yaani kile chumba chembamba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili. Chini yangu nikaona kofia za watalii zimejaa pomoni, na mimi juu napita kwa nafasi yangu. Upande wa pili yule mwanamke akagonga ukuta, akaita, "Mwapokea mgeni! Aenda kuhani!" Akanipokea mwingine, mikono ina unga wa maandazi. Nyumba ya tatu walikuwa wanakula, wakanikaribisha, nikaomba radhi, bibi mmoja akaniombea dua huku nimeshika kizingiti. Hakuna aliyeniuliza jina. Neno kuhani lilitosha kufungua milango yote. Mara nikajikuta nateremka ngazi ninazozijua, na Maryamu amesimama chini, ameshika mdomo.

Mwanakheri alikuwa ghorofani, juu ya mkeka, amevaa nyeupe tupu. Yuko eda. Mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, wala hatoki ila kwa dharura. Amekonda. Nikamkumbatia, mwili ukawa mgumu.

"Makiwa, dada yangu."

"Tunayo," akajibu, kama anayejibu salamu ya mtu wa mbali.

Nikakaa. Nikamsimulia Maskati, nikamsimulia meli, nikamwambia nimekuja na kundi la Wazungu. Kitu kikatikisika usoni. "Wewe? Na kofia?" Halafu akarudi kule kule alikokuwa. Nikamlisha tonge mbili za wali kwa mkono wangu, akameza kunifurahisha mimi. Nikalia mimi, yeye akanipa leso nijifute. Nikaanza kukata tamaa. Nimevuka bahari, nimepita nyumba za watu, na bado sijamfikia.

Mara vikasikika viatu vingi nje. Vilikuja taratibu, vikapita chini ya dirisha, hakuna sauti hata moja.

"Hao," Mwanakheri akasema. "Kila siku ni hivyo sasa. Wapita kimya, kama nyumba haina watu."

"Wanakuheshimu, dada."

"Sitaki heshima hiyo!" Alisema kwa nguvu hata Maryamu akaja mlangoni. "Miaka yote yule Mgiriama akifika hapa hupaza sauti. Awaambia wageni, huyu hapa ndiye mzee kuliko wote mtaa huu. Na Abdalla amjibu kwa Kizungu chake kile, 'Na mzuri kuliko wote!' Wote watheka, kicheko chafika mpaka huku juu. Nami hapa juu nasema, muongo huyo! Kila siku, Rukia. Kila siku nilisema muongo. Alipokufa nikadhani nimempoteza yeye tu. Kumbe na wao wameondoka naye."

Sikungoja. Nilikwenda dirishani, nikasukuma ubao. Kundi langu lilikuwa limesimama pale chini, wamenyamaza, na Kazungu amevua kofia, ananitafuta kwa macho.

"Kazungu!"

Akainua uso. Nafuu niliyoiona usoni mwake siwezi kuisahau.

"Nipo, nashuka. Lakini kwanza sema! Mbona mnapita kama wezi?"

"Mama, nyumba ina msiba."

"Mwenye msiba ndiye anayetaka. Sema kama zamani. Paza sauti!"

Alisitasita. Akavaa kofia, akakohoa, akageukia wageni wake. Akaanza na mlango, na maua yake, na seremala aliyeuchonga. Akaionyesha baraza ya kulia, tupu, imefagiwa. Akawaambia hapa alikaa Mzee Abdalla, aliyewapa kahawa waongozaji wote wa mji huu bila kuuliza dini wala kabila. Akasema, "Na yeye ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote mtaa huu."

Akanyamaza. Ni pale pale jibu la mzee lilipokuwa likitoka.

Nyuma yangu, sauti ndogo: "Mwambie."

Nikageuka. Mwanakheri ameinuka kutoka mkekani, amesimama pembeni ya dirisha pasipoonekana, ameshika ukuta.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie, na mzuri kuliko wote."

Nikatoa kichwa nje, na kwa Kizungu changu cha darasa la saba nikalipaza jibu lile mpaka nadhani Ngomeni walisikia. Wazee wale wa kofia pana wakacheka, mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Kazungu akainama, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha manjano.

Mwanakheri akaanguka kifuani kwangu. Alilia, jamani. Alilia kwa sauti, kilio kizima cha miezi miwili. Maryamu akaja tukamshika pande mbili, na ule ugumu wote wa mwili ukamtoka. Sikumwambia nyamaza. Nilimwambia lia, mama, lia.

Nilichelewa, najua. Kazungu alingoja. Aliwaketisha wageni barazani, wakaletewa kahawa tungu na vipande vya halua kutoka nyumba ya jirani, na hakuna aliyelalamika. Nilipoagana na Mwanakheri alikuwa anakula wali uliobaki, macho yamevimba. "Nenda," akaniambia. "Wazungu wako watakuacha."

Kurudi bandarini tulikuwa wa mwisho, na meli ilitungoja. Kazungu akatuhesabu, tukatimia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jioni mezani Seif alinionyesha picha za ndovu, wakubwa kwa watoto. Wazuri, siwezi kukataa. Akaniuliza nimeona nini Mji wa Kale. Nikafikiri. Ngome sikuingia. Ile milango maarufu niliiona kwa nyuma. "Nimeona jikoni kwa watu," nikamwambia.

Basi ndiyo safari yangu. Mkiniuliza nimejifunza nini, nawaambia hivi: mimi mwenyewe nimehani watu wengi, na kila mara niliingia kwa kunyata, nikinong'ona, nikidhani kimya ndiyo heshima. Sasa kwanza nauliza mfiwa anataka kusikia nini.

Juzi nilimpigia simu Mwanakheri. Alipokea mwenyewe. Tukasalimiana vizuri, na nikiwa katikati ya kumuuliza afya akanikata.

"Ngoja, Rukia, ngoja. Ndio hao waja."

Nikasikia ubao wa dirisha unasukumwa, na simu ikatolewa nje. Viatu vingi. Sauti ya Kazungu, kubwa, inaeleza mlango, inaeleza maua. Ikafika barazani. Mzee kuliko wote mtaa huu, ikasema, kisha kimya.

Na karibu kabisa na simu, kwa sauti ya chini ambayo hakuna mpita njia angeisikia, dada yangu akajibu, "Muongo huyo."