Goti la Kulia la Mume Wangu

Mwaka mmoja kabla ya mvua za El Niño, mume wangu aligongana na mkokoteni uliojaa mitungi ya maji kule Kawangware, na goti lake la kulia likavunjika.

Siku za kazi alikuwa akisambaza mikate kwa baiskeli, kutoka Kawangware hadi kwenye vibanda vya Kibera, kreti zikiwa zimefungwa nyuma kwa vipande vya tyubu kuukuu. Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa. Kaptura yake ya mashindano aliifua mwenyewe, hakuniachia, na kabla sijaamka kwenda kanisani alikuwa ameshatoka kufanya mazoezi na wenzake kwenye Barabara ya Ngong. Wote waliendesha black mamba, zile baiskeli nyeusi za chuma kizito ambazo watu kwetu magharibi hubebea magunia ya mahindi. Mbio zao zilikuwa za baiskeli hizo hizo. Katika mbio za mwisho alikuwa amemaliza wa pili, na tangu siku ile hakukuwa na mlo nyumbani mwetu ambao haukuandamana na hadithi ya jinsi angekuwa wa kwanza.

Siku ya ajali nilirudi kutoka kanisani, mtoto mgongoni, nikamkuta mpinzani wake mkubwa amesimama mlangoni petu, Soweto West, Kibera. Alikuwa mwanamume mrefu wa Kawangware, ndiye aliyemshinda. Ameshika baiskeli mbili, moja kila mkono, na ile ya mume wangu gurudumu lake la mbele limejikunja kama chapati.

"Shemeji, ako hai," alisema kabla sijauliza. "Ni mguu tu. Tumempeleka hospitali. Alikuwa anashuka mteremko, mkokoteni ukaingia barabarani. Alikataa kuingia kwa gari mpaka niape nitakuletea baiskeli."

Nilitaka kukasirika, lakini nilicheka, halafu nikalia. Yule mrefu alibaki pale hajui afanye nini na mikono yake iliyojaa.

Mume wangu alirudi na plasta kutoka pajani hadi kwenye kifundo. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo na mabati, na mguu ule ulionyooka ulichukua nafasi ya mtu mzima. Ukiingia, unauruka. Ukipika, unauzunguka. Mtoto alijifunza kusimama kwa kuushika. Nilikuwa nikiuza mboga Silanga, sehemu nyingine ya Kibera, kwa hiyo kutwa nzima alibaki peke yake, na nilihofia kwamba angekaa akiangalia ukuta hadi moyo umwoze. Nimewaona wanaume wakienda hivyo.

Siku ya kwanza nilirudi nikakuta jiko letu la makaa limepata mguu mpya. Siku iliyofuata mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu ulifunguka bila sauti, nikaingia ndani kwa kishindo kwa sababu nilikuwa nimezoea kuusukuma kwa bega. Alipomaliza vyetu alianza vya majirani. Wanawake walimletea miavuli, pasi za makaa, redio zilizonyamaza. Cherehani ya jirani yetu mshonaji aliitandaza yote kitandani, kipande kwa kipande, na mwenyewe alipoiona hivyo alishika kichwa.

"Baba, hii utaweza kurudisha kweli?"

"Mama, nipe hadi jioni. Hii ni kama baiskeli tu, ila inaenda mahali pamoja."

Jioni ilishona. Nilimtazama mume wangu akisikiliza ile mashine, kichwa kimeinama upande, na nikafahamu kwamba sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi. Niliyekuwa namjua ni mtu wa kuondoka asubuhi na kurudi amechoka.

Plasta ilipotolewa, goti halikukunjika lote. Lilifika mahali, kama la mtu aliyekalia stuli ndefu, likagoma. Daktari alimwambia afanye mazoezi, lakini asitegemee mengi. Alirudi kwa magongo, akakaa kitandani, na jioni ile hakugusa spana. Nilimwekea chakula. Alikila chote, akanawa, kisha akasema, "Basi nitatengeneza za wengine."

Akaanza kutengeneza baiskeli kando ya ua wa maghorofa ya Nyayo Highrise, ambapo watu wengi walipita. Alikalia kreti ya mikate, mguu wake mbele, na wateja wakaja. Shida ilikuwa moja. Fundi hawezi kumrudishia mtu baiskeli ambayo hajaijaribu, na yeye hangeweza kukanyaga pedali hata mzunguko mmoja.

"Utazijaribu wewe," aliniambia.

"Mimi? Mimi na leso yangu?"

"Leso tutaifunga. Nyumbani kwenu wanawake si wanaendesha?"

"Wanaendesha. Mimi nilikuwa nabebwa."

Alinifundisha kwenye uwanja mtupu karibu na Highrise, yeye akiwa kwenye magongo, akiruka kando yangu na kupiga kelele. Nilianguka mara nyingi sana. Vijana walikaa juu ya ukuta kunitazama na kunishangilia kila nilipoanguka. "Niaje mathee! Leta kombe!" Lakini hakuacha, nami sikuacha, na asubuhi moja aliniambia nitazame mbele badala ya kutazama gurudumu. Nikatazama mbele. Baiskeli ikaenda, nami nikiwa juu yake, na upepo ukanipiga usoni, na nilipofika mwisho wa uwanja sikujua jinsi ya kusimama, nikaingia kwenye ua wa watu. Hata hivyo nilikuwa nimeelewa kwa nini alikuwa akiniacha kitandani kila Jumapili.

Kuanzia hapo, nikifunga biashara Silanga nilipitia kwake, nikazungusha kila baiskeli aliyotengeneza. Nilirudi na ripoti. Mwanzoni nilisema, "Iko sawa," naye akachoka na jibu hilo. Aliniuliza: inavuta upande gani? Inalia ukikanyaga ama ukiacha? Breki inashika polepole ama inakurusha? Nikajifunza kuisikia baiskeli kwa nyayo na viganja.

Wazo la pedali lilimjia akinitazama nikiendesha. Aliona jinsi goti langu lilivyopanda na kushuka. Jioni alichora maduara mawili kwenye udongo wa sakafu kwa msumari, kubwa na dogo.

"Goti langu haliwezi hili kubwa," alisema. "Lakini hili dogo linaweza. Pedali ya kulia ikisogezwa karibu na katikati, mguu utazunguka duara dogo."

Alimtafuta fundi wa vyuma Kawangware, mtu aliyefahamiana naye kupitia yule mrefu, wakatoboa tundu jipya katikati ya chuma kinachoshika pedali. Kwa kuwa goti lilikuwa bado linauma, mimi ndiye niliyejaribu kwanza. Niliteremka kuelekea Silanga upande wa bwawa, mguu mmoja ukizunguka kwa upana na mwingine kwa ufupi, mwendo wa ajabu kama wa bata. Kwenye kona chuma kilipasuka kwenye lile tundu, pedali ikatoka, nami nikatua katikati ya shamba la sukuma wiki la mtu aliyeniuzia mboga.

Mume wangu alikuja kwa magongo mbio nilizokuwa sijaziona tangu ajali.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ilianza kulegea kabla ya kona ama baada?"

Nilicheka nikiwa nimelala kwenye mboga, na mwenye shamba akatufukuza wote wawili.

Chuma cha pili walikipa nyama, wakachomelea kipande kinene kabla ya kutoboa. Hicho kilidumu. Alianza kuiendesha baiskeli hiyo kidogo kidogo, meno yameumana, na jasho ambalo halikuwa la jua. Kisha magongo yakabaki nyumbani, akarudia na mikate alfajiri kabla ya ufundi. Yule mrefu alikuja kila Jumapili kumpitia. Sikuwahi kusikia kwamba alimpunguzia mwendo. Walirudi na mume wangu akiwa mweupe kwa vumbi, hawezi hata kupanda ngazi moja ya mlango wetu, na akiwa na furaha.

Aliporudi kwenye mashindano, nilisimama kwenye mlima wa mwisho kabla ya Dagoretti Corner, mtoto mgongoni. Walipita wale wa mbele, yule mrefu akiwa miongoni mwao, amelala juu ya usukani. Mume wangu hakuwapo. Likapita kundi lingine. Nilianza kuwaza mkokoteni. Kisha nikamwona, mwili wake ukiyumba upande mmoja kwa ule mwendo wa bata nilioufahamu kwa miguu yangu mwenyewe, akimpita kijana mwenye magoti mawili mazima. Watu waliona ule mguu wakaanza kupiga makofi. Mimi nilipiga kelele hadi mtoto akaamka.

Alimaliza katikati. Waliomzunguka walimsifu, wakamwambia kumaliza tu ni ushindi. Aliwashukuru kwa adabu, na tulipobaki wawili akaniambia, "Makofi ya huruma siyataki. Nimepoteza muda kwa mlima. Ulikuwa hapo. Nilikuwa nakanyaga vipi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa akiutegemea mguu wa kushoto peke yake. Aliitikia kwa kichwa, akakubali.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha na barabara zikafukiwa mashimo, alimaliza wa tatu. Hakuwahi kuwa wa kwanza. Alishindana hadi goti lilipoanza kuvimba kila Jumatatu, akaacha bila kulalamika, mikate na ufundi vikabaki.

Lakini habari za pedali ile zilikuwa zimetembea. Asubuhi moja alikuja mwanamke wa Kawangware, muuza viatu, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi na mwembamba tangu utotoni. Alisimama mbali, akamwuliza kama ni kweli anaweza kumtengenezea baiskeli mtu kama yeye. Mume wangu alimpa kreti aikalie, yeye mwenyewe akashuka chini, goti lake bovu limenyooka mavumbini, akatoa kipande cha kamba cha kupimia.

"Kunja, mama," alimwambia. "Usijilazimishe. Ikianza kuuma, niambie."

Kisha akanigeukia mimi, akasema nifunge leso vizuri, kwani nimepata mwanafunzi.