Krismasi ya Thembo Ndani ya Karavani

Baba mdogo wangu Thembo ni mtu wa kuona kitu kwa wazungu asubuhi na kukihitaji kabla ya jua kuzama. Kazi yake ni kuendesha magari ya watalii kutoka Kasese hadi mbugani, na kila safari humwachia ugonjwa mpya. Kwanza ilikuwa kaptula yenye mifuko kumi na miwili, ambayo hana cha kutia ndani yake. Kisha ikawa darubini, aliyoivaa shingoni hata siku ya mazishi ya mjomba wake kule Maliba. Mwaka juzi ikawa karavani.

Kwa asiyeijua, karavani ni chumba cha bati jembamba chenye magurudumu mawili, kinachokokotwa nyuma ya gari. Ndani mna vitanda, meza, jiko la gesi na vikabati vya kutosha vikombe sita. Wazungu wawili wazee walikuwa wamezunguka nayo nchi nyingi, wakachoka, wakamwachia Thembo siku walipopanda ndege. Aliivuta hadi nyumbani kwake Kasese, akawa anaiosha kila Jumamosi huku mkewe akimchotea maji. Majirani waliiita friji. Thembo aliamini ni wivu.

Krismasi ya ukoo wetu huliwa Maliba, nyumbani kwa nyanya yangu, mama yake Thembo. Mwezi wa kumi Thembo alitangaza kwamba hatakwenda. Krismasi ya Maliba, alisema, ni matope, moshi na watu wanaokula kwa mikono. Yeye pia hula kwa mikono, ila kwanza hufunga mlango. Mwaka huo familia yake ingekwenda likizo na karavani, kama familia za watu waliostaarabika.

Mkewe, Wivine, alikubali kwa sharti moja. Wivine ni mtu wa Beni, upande wa Kongo. Kwa sababu ya vita hakuwa amekula Krismasi na mama yake kwa miaka minne. Sasa mama yake, Mama Kahambu, alikuwa ametuma habari kwamba ataweza kuvuka mpaka asubuhi ya Krismasi na kukaa siku mbili. Siku mbili tu. Basi karavani iende Bwera, karibu na mpaka, na mama alale humo pamoja na binti yake na wajukuu.

Hapo palikuwa na jambo ambalo hata Thembo hakuweza kujifanya halijui. Kwetu, Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule, mwanamume halali chumba kimoja na mama mkwe wake. Haketi naye meza moja wala hamtazami usoni, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mke. Katika nyumba ya kawaida hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa kuna sebule, kuna jiko, kuna ua. Karavani ni chumba kimoja. Kwa hiyo Thembo aliahidi, mbele ya baba yangu Kule ambaye ni kaka yake mkubwa, kwamba mama mkwe akifika yeye atatoka na kwenda kulala kwa Ojok, dereva mwenzake anayekaa Bwera mjini. Wivine alimwomba airudie ahadi hiyo. Aliirudia, akiendelea kupangusa dirisha la karavani.

Mimi nilichukuliwa kuwaangalia watoto, Bright wa miaka tisa na Chérie wa miaka sita. Tulifika alfajiri ya Krismasi, tukaegesha kwenye kiwanja cha nyasi kando ya shamba la kahawa, nje kidogo ya mji. Mwenye kiwanja alikuwa Benedicte, mjane mwenye sauti nzito anayeimba kwaya kanisani. Alimwonyesha Wivine jiko lake la nje na kumwambia alitumie apendavyo. Thembo alijibu kwa niaba ya mkewe kwamba sisi tunalo jiko letu.

Kulipokucha jiko letu lilionyesha tabia yake. Wivine alitaka kusonga bundu, ugali wetu wa muhogo. Bundu husongwa mtu ameketi chini, sufuria ameibana kwa nyayo, na mwiko anausukuma kwa nguvu zote za mabega. Sigiri, jiko la makaa, Thembo alikuwa ameipiga marufuku ili moshi usiharibu rangi nyeupe. Wivine akasonga mle mle ndani, sakafuni. Kila alipousukuma mwiko karavani nzima iliyumba na vikombe vikagongana kabatini, mpaka jeki iliyoshikilia kona ya nyuma ikateleza na nyumba yetu ya likizo ikainama kama ng'ombe anayetaka kulala. Thembo hakuilaumu jeki. Alisema tatizo ni Wivine, kwa sababu wazungu hawapiki vyakula vya kutingisha.

Mama Kahambu alifika saa sita, baada ya misa, juu ya bodaboda, na kuku aliyefungwa miguu mapajani. Wivine alimkimbilia barabarani. Walisimama pale wameshikana kwa muda mrefu, bodaboda inasubiri washushe mizigo.

Thembo alikuwa hajaondoka. Badala ya kufungasha, alikuwa amevaa kofia nyekundu yenye manyoya meupe na kupanga sahani sita kwenye meza ya ndani. Alitaka picha. Madereva wenzake walikuwa wameahidiwa picha ya familia nzima mezani, mama mkwe akiwemo. Mama Kahambu alipomwona mlangoni alijifunika kitenge kichwani, akageuka, akaketi juu ya gunia lake la maharagwe chini ya mibuni, mgongo akiuelekeza kwenye karavani. Kila mtu aliyelelewa vizuri angeelewa. Thembo aliita watoto wamwambie bibi kwamba viti viko ndani.

Wivine alimkumbusha ahadi. Akasema ataondoka baada ya picha. Saa nane alikumbushwa tena, akasema kwa Ojok kuna kunguni. Saa tisa hakuna aliyekuwa amekula, na mvua ikashuka kutoka milimani.

Watoto waliruka ndani, nami nikawafuata. Mama Kahambu alifungua mwavuli, akabaki pale pale kwenye gunia. Wivine alisimama mlangoni, nusu yake ndani, nusu yake mvuani.

"Baba Bright, toka. Mama iko nanyeshewa."

Thembo hakuinuka mezani. "Mulango iko wazi. Nani amemukataza kuingia? Mimi si mushamba wa kukimbia mwanamuke muzee."

"Uliahidi."

"Niliahidi kulala kwa Ojok. Saa hii ni mchana."

Nimesoma vitabu vingi vyenye watu wa roho ndogo, lakini sijamsoma aliyejishusha upesi hivyo. Nikatazama kofia yake.

Mama Kahambu alikuwa amesikia yote. Alijibu bila kugeuka, tena bila hasira. "Wivine, umuambie mukwe wangu nyumba yake iko muzuri sana. Lakini iko chumba moja, na yeye iko ndani."

Wivine aliifunika sufuria ya bundu, akaifunga kwa kanga, akajitwika. Alimpa Bright begi la nguo na mimi nikambeba Chérie. Tulimpita Thembo mezani mmoja mmoja, tukavuka nyasi hadi jiko la Benedicte, na Mama Kahambu akatufuata na kuku wake. Thembo alituita mara moja. Kisha aliufunga mlango, maana mvua ilikuwa inailowesha mito ya viti.

Ndani ya jiko lile jeusi kwa moshi Krismasi ililiwa. Mama Kahambu alikata bundu kwa mkono, akampa binti yake tonge la kwanza mdomoni kama mtoto mchanga, na Wivine, ambaye hakuwa amelia mvuani, akalilia hapo. Simu yangu ilipolia, ilikuwa picha ya Thembo na kofia yake, nyuma ya sahani sita tupu. Chini aliandika: likizo ya familia.

Baba yangu aliipata picha hiyo pia, akahesabu watu. Asubuhi iliyofuata, sisi tukiwa tumelala kwa Benedicte, alimpigia mdogo wake simu, na kwa mara ya kwanza katika likizo ile Thembo alisikiliza tu. Kwa desturi yetu, aliyemwaibisha mama mkwe hupeleka mbuzi na kungoja nje. Saa nne Thembo alikuja akivuta beberu, amevaa kaptula ya mifuko kumi na miwili, akasimama penye lango la Benedicte katika manyunyu. Hakuitwa ndani.

Mama Kahambu alisema kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, "Wivine, umuulize kama alilala muzuri."

Wivine akamuuliza. Thembo ni mrefu kuliko wote katika ukoo wetu, na katika miezi yote ya kuiosha karavani ile hakuwahi kujaribu kulala ndani yake.

"Mwambie kitanda ni kifupi," alisema.

Beberu akapokelewa. Mchana ule Thembo alionekana akienda mjini kwa Ojok kwa miguu, mto wa kulalia kwapani. Mama Kahambu aliingia karavani kwa siku yake ya pili, akajilaza kujipima, Wivine kitanda cha pili, wajukuu wamebanwa katikati. Wanawake wa Beni si warefu. Vitanda viliwatosha kabisa.